Gari la Marehemu Baba Limebaki Vipande Uani: Niendelee Kulitengeneza au Niliachie?

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, nina mke na watoto watatu. Jambo ninalokuandikia watu wengi hudhani ni la vyuma tu, lakini kwangu limefika mahali linaninyima usingizi, na sasa limeingia kati yangu na mke wangu.

Mwaka 1988 marehemu baba alinunua mnadani Land Rover Series III, ile ndefu yenye sehemu ya wazi nyuma. Kwa zaidi ya miaka 20 alibebea chumvi kutoka Uvinza kuileta Kigoma na kuipeleka Kasulu, na sote watano tulisomeshwa na gari hilo. Macho yake yalipopungua nguvu, mwaka 2010, aliliegesha chini ya mwembe nyumbani kwetu Ujiji, na hapo ndipo lilipo mpaka leo. Alifariki mwaka 2018. Siku chache kabla ya kufariki alinishika mkono akaniambia, "Gari usiliache life." Alinichagua mimi kwa sababu tangu nikiwa mdogo ndiye niliyekuwa nikishika tochi usiku gari likitengenezwa.

Miaka miwili iliyopita nilianza kulitengeneza mwenyewe hapo uani, baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi. Sikusomea ufundi, nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu. Nilianza na rangi, kwa kuwa nilitaka mama alione gari likiwa na sura yake ya zamani. Nililisugua kwa msasa, nikalipiga rangi ya kijani, na mama alipotoka nje akaliona alilia. Leo rangi hiyo inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Wiki iliyofuata nilifunga betri mpya na kupiga stata. Injini haikuzunguka, ilitoa mlio mmoja mkali wa chuma, kisha kimya. Nikaamua kufungua kila kitu ili nione tatizo liko wapi. Bolti na nati zote niliziweka katika kopo moja kubwa la maziwa ya unga, nikiamini nitakumbuka kila moja ilikotoka. Sikumbuki hata nusu yake. Nyingine zimeviringika vichwa kwa sababu spana namba 13 ilikuwa ikiteleza kila nilipoikaza. Kwenye kichupa cha mafuta ya breki nilimimina oili ya injini iliyokuwa imebaki, na siku chache baadaye jirani ambaye ni dereva wa lori aliniambia nimeharibu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, masika ikiwa imelowesha ua wote, nilipandisha gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya matofali ya kuchoma. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 12, aliingia chini kuokota nati iliyodondoka. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka, bado anapangusa magoti, matofali yakapasuka na ekseli ikatua pale pale alipokuwa amelala.

Tangu jioni ile mke wangu hazungumzi nami vizuri. Aliniambia, "Chagua, gari au sisi." Nimekwisha kutumia shilingi 3,400,000, na sehemu ya fedha hizo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka vyumba viwili vya nyuma. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam amepata mtu wa vyuma chakavu na anataka tuuze mwezi huu huu. Fundi mmoja wa hapa mjini anasema nimpe shilingi milioni nne atalimaliza. Kadi ya gari bado ina jina la baba. Mama hasemi lolote.

Mama, niendelee, niuze, au nimkabidhi fundi? Na je, kwa makosa haya yote nimevunja wosia wa baba?

*Mwalimu wa Ujiji, Kigoma*

Jibu la Mshauri

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote nakupa pole kwa hofu ya jioni ile, na ninamshukuru Mungu kwamba leo unaniandikia kuhusu gari na si kuhusu mtoto wa dada yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu nikiwa na fundi mzee aliyeshinda chini ya magari ya aina hiyo tangu yakiwa mapya, maana mimi kazi yangu ni mambo ya nyumba na ya mioyo, na sikutaka kukujibu kuhusu breki kwa kubahatisha. Mengi utakayoyasoma hapa kuhusu chuma yametoka kwake, na yale ya watu ni yangu.

Nikikuelewa vizuri, una gari lililofunguliwa ambalo hujui kulirudisha, fedha iliyokwenda kabla ya kazi kuonekana, mke aliyeogopa, ndugu mwenye haraka, mama aliye kimya, na juu ya hayo yote sauti ya baba inayokuambia usiliache gari life. Naamini kinachokuchosha zaidi ni hiyo sauti, na kwa hiyo naomba tuanzie hapo.

Umesema baba alikuchagua kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukishika tochi. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilisimama, kwa kuwa hukuniambia nani alikuwa chini ya gari. Alikuwa baba mwenyewe, au alikuwa fundi wake huku baba amekaa kwenye kigoda anaangalia? Ninakuuliza kwa sababu umeyasikia maneno "usiliache life" kana kwamba yalikuwa "lifufue kwa mikono yako mwenyewe," na huenda ndivyo alivyokusudia, lakini pia huenda mtu aliyeendesha biashara ya chumvi kwa zaidi ya miaka 20 alijua fika kwamba gari huishi kwa mwenyewe kujua ni lini amwite fundi. Wewe ulimjua, mimi sikumjua. Rudi kwenye zile usiku za tochi ukumbuke vizuri.

Sasa makosa yako. Fundi mzee alitabasamu aliposoma habari za rangi, na tabasamu lake lilikuwa la huruma, kwa maana anasema karibu kila anayeanza na gari la zamani huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana haraka na ndiyo inayowafurahisha wazee. Land Rover inamdanganya mgeni kuliko magari mengine. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza, mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na desturi hiyo ikaendelea mpaka kwenye Series III, iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Alumini haishiki kutu nyekundu. Gari linaweza kukaa chini ya mwembe miaka 15 na mabati yake yakaonekana mazima, huku chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, ambayo ni ya chuma kinachoshika kutu na ina uwazi ndani kama bomba, inaliwa kutoka ndani kuja nje. (Rangi yako inabanduka kwa sababu hiyo hiyo ya alumini: inataka praima yake maalumu ya kushikia, la sivyo haigandi. Hilo ni dogo, linarekebishika.)

Na gari la baba lilibeba chumvi. Hapa fundi aliacha kutabasamu. Chumvi ikichanganyika na maji ya mvua huharakisha kutu mno, na vumbi lake lililopenya ndani ya chesisi halikuondoka siku gari lilipoegeshwa. Limekuwa likifanya kazi kila masika tangu wakati huo. Anakuomba uchukue nyundo ndogo, upite chini ya gari likiwa limekaa salama kwa namna nitakayoieleza, ugonge chesisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Penye chuma kizima utasikia mlio wa wazi unaolia kama kengele. Penye kuoza sauti hufa, inakuwa butu kama unagonga gunia, na ukisukuma bisibisi inaweza kuingia. Gonga hasa pale springi za nyuma zinaposhikilia, kwenye mabawa yanayobeba bodi pembeni, na kwenye boriti ya mwisho kabisa nyuma. Kazi hiyo haigharimu shilingi, na ilipaswa kutangulia rangi, betri na kila kitu, kwa sababu kila uamuzi unaoufikiria umesimama juu ya chuma hicho. Chesisi ikiwa nzima, una gari lililofunguliwa. Ikiwa imeoza, una mzigo wa aina nyingine kabisa, na shilingi milioni nne za fundi yule hazitoshi wala hazitaanzia mahali anapodhani.

Kuhusu injini, usikate tamaa mapema. Mlio mmoja mkali kisha kimya unaweza kuwa meno ya stata yaliyogonga injini iliyoshikana, na injini iliyokaa miaka mingi hushikana pistoni bila ya kuwa imeharibika. Ilitakiwa kwanza kutoa plagi, kumimina oili kidogo katika kila silinda, kuiacha siku kadhaa, kisha kuizungusha polepole kwa hendeli ya mbele kabla ya betri kuguswa. Kama umeshafungua mpaka silinda, basi utaona mwenyewe. Kama hujafika huko, bado unaweza kujaribu.

Nati zilizoviringika nazo zina sababu, na sababu hiyo si udhaifu wa mikono yako. Sehemu kubwa ya gari hilo imefungwa kwa bolti za inchi, si za milimita. Nati inayotaka spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na spana namba 13 huikaa kwa ulegevu mdogo usioonekana kwa macho, ila unatosha kula kona zake nati ikiwa imeshikwa na kutu. Seti moja ya spana za inchi, pamoja na mafuta ya kulainisha kutu yaliyoachwa usiku kucha, ingekuokolea nusu ya kopo lile.

Na kopo lenyewe? Mwanangu, unaishi Kigoma, na umeiona MV Liemba tangu ukiwa mtoto. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya hapo hapo na kushushwa ziwani mwaka 1915. Hakuna ajuaye kwa kichwa bolti zote za meli, na wala haikutegemea kichwa cha mtu. Nati za gari lako zinaweza kupangwa bado: mwaga kopo juu ya mkeka mweupe, zitenganishe kwa unene na kwa urefu, zijaribu kwenye matundu yake, kisha kila kundi liingie kwenye mfuko wake wenye jina. Ni kazi ya jioni kadhaa, na mtoto wa miaka 12 anaweza kukusaidia akiwa amekaa kwenye mkeka, mbali na ekseli.

Yako mambo mawili ambayo sitayazungumza kwa upole. Asiingie mtu yeyote chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa kwa matofali. Tofali la kuchoma hubeba uzito wa ukuta ulioenea, lakini ekseli hulibonyeza mahali pamoja, na hupasuka bila ya kutoa taarifa. Tumia stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana, juu ya ardhi kavu iliyo sawa au ubao mnene, magurudumu yaliyobaki chini yakizuiliwa kwa mawe mbele na nyuma; kisha ulisukume gari kwa bega kabla hujaingia, na kama litatikisika usiingie. La pili ni breki. Oili ya injini huvimbisha raba za breki na kuzilegeza, nayo imeshaingia kwenye masta, yaani silinda kuu ya breki, na kama ulikanyaga pedali hata mara chache imeshasafiri. Hakuna kusafisha nusu nusu hapo: mabomba yasafishwe, na raba zote zilizoguswa, za masta na za kila gurudumu, zibadilishwe. Mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni hautakusamehe. Ukifungua ngoma za breki, vumbi lake usilipulize, bali lifute kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Na ikiwa chesisi itahitaji kuchomelewa, tanki la mafuta liondolewe kabisa kwanza; tanki tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Sasa nirudi nyumbani. Mkeo alikuambia uchague gari au wao, na wewe umeliandika neno hilo kana kwamba ni msimamo wake kwa miaka yote miwili. Lakini ulisema pia kwamba alilitamka jioni ile ya matofali. Kabla ya hapo, kwa mwaka mzima na zaidi, aliona fedha ya mabati ya nyumba ikienda uani na bado hakusema neno hilo. Mimi nasikia mama aliyemwona mtoto akinusurika, na huenda asikilizwe kwanza kuhusu hofu kabla ya kusikilizwa kuhusu gari. Huenda nikawa nimekosea, naye akawa amechoka na fedha zaidi kuliko hofu. Muulize, kisha unyamaze amalize.

Unaweza kuendelea mwenyewe. Utajifunza, na spea za Series III bado zinatengenezwa hata leo, lakini kuendelea bila kujua hali ya chesisi na bila kiasi cha fedha mlichokubaliana na mkeo ni kuendelea na kosa la kwanza kwa jina jipya. Unaweza kumkabidhi fundi, na hilo halikutoi katika wosia. Ila gari lililofunguliwa na mwingine humchanganya fundi yeyote, na magari ya namna hiyo hukaa gereji mpaka yakaanza kunyofolewa vipande. Ukichagua hivyo, usitoe milioni nne kwa mkupuo: mlipe kwa hatua, kila hatua iandikwe, ya kwanza iwe ni ukaguzi wa chesisi, nawe uwepo pale unashika tochi kama zamani.

Kuuza kwa vyuma chakavu ndiko kusikoweza kugeuzwa, na kuna jambo mdogo wako hajalitazama. Gari lenye kadi ya jina la marehemu ni sehemu ya mirathi. Si lako kwa sababu uliambiwa maneno kitandani, si lake kwa sababu amepata mnunuzi, na anayeweza kulihamisha kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mpo watoto watano pamoja na mama yenu. Fedha uliyotumia umeitumia kwenye mali ya wote, na sijui kama ndugu zako wanalijua hilo. Kikao kimoja cha familia kabla ya mnunuzi kuja kingeweza kukuondolea mzigo ambao umekuwa ukiubeba peke yako kana kwamba ulirithi deni badala ya gari.

Kuna na njia moja ambayo hukuiandika, nayo ni kungoja vizuri. Mwaka 1916, walipoona vita vinawaelemea, Wajerumani waliizamisha meli ile wao wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiwa na mashine zile zile. Gari lako linaweza kuondolewa chini ya mwembe na kuwekwa chini ya paa la mabati, likaoshwa chumvi chini kwa maji mengi na kukaushwa, silinda zikawekwa oili na matundu kuzibwa, vyuma vilivyo wazi vikapakwa grisi, mifuko ya nati ikapangwa ndani ya boksi moja, na likakaa hivyo mpaka vyumba vya nyuma vimeezekwa. Hatari ya njia hii ni kwamba kungoja huzoeleka, na gari likaegeshwa miaka 15 mingine. Lakini gari lililohifadhiwa namna hiyo halijafa, na ninakuachia wewe upime kama hilo linatosha kwa maneno uliyoambiwa.

Jambo la mwisho ni mama. Ulipopaka rangi, alitoka nje, akaliona gari, akalia, na wewe ukaendelea na betri. Hukuniambia kama ulimuuliza alilia nini. Huenda ilikuwa furaha. Huenda gari lile la kijani kipya halikuwa tena lile lililokuwa likiingia uani usiku likiwa na mavumbi ya Uvinza. Kaa naye jioni moja, kabla ya nyundo na kabla ya simu ya mdogo wako, umuulize. Kisha uniandikie tena, uniambie amejibu nini na chesisi imelia vipi.